Huyu Kwenye Picha ni Nani?

Koko aliishika picha yetu ya harusi kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, halafu akauliza, "Huyu mwanamke ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tulikuwa Piyaya, wilayani Ngorongoro, kijijini nilikozaliwa, na mimi na mume wangu tulikuwa tumesafiri kutwa nzima kutoka Arusha kumletea bibi picha iliyotutoa pesa nyingi. Shida ilikuwa mdomoni. Kwa desturi yetu Wamaasai, niling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, nikiwa mdogo. Fundi wa studio aliliziba pengo kwa kompyuta bila kuniuliza, akaning'arisha na uso. Na mimi, kusema kweli, nilipoiona nilifurahi!

Usiku ule usingizi ulinipaa. Miaka kumi ya mjini nimecheka huku kiganja kiko mdomoni. Ofisini, kwenye sherehe, hata siku za mwanzo za uchumba wetu. Yaani bibi aliuliza swali nililolikimbia siku nyingi.

Mimi napenda kuchora tangu sekondari, lakini uso wangu sikuwahi kuugusa. Tuliporudi Arusha nikaanza kuwatafuta wachoraji waliothubutu. Nikamkuta Frida Kahlo wa Meksiko, aliyeumia vibaya kwenye ajali ya basi mwaka 1925, akiwa na miaka 18. Alifungiwa kioo juu ya kitanda, akaanza kujichora. Nyusi zilizokutana na kivuli cha masharubu, vyote aliviacha vionekane.

Ila aliyenishika hasa ni wa hapa hapa. Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu mwaka 1954. ("Mtu wa kwetu huyo!" mume wangu akadakia. Mchaga hakosi.) Mwaka 1973 alihamia Sweden, na huko akakutana na ubaguzi wa rangi. Alisoma anthropolojia Stockholm, kisha akashika brashi. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980.

Miaka miwili baadaye, akiwa Åkersberga, nje kidogo ya Stockholm, alijichora. Si sura moja. Ni nyuso kadhaa zilizoingiana, hujui hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Mimi naona pale binti wa Marangu, mhamiaji, mwanamke na msanii, na hakuna aliyefukuzwa ili mwingine apendeze. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London iliichukua picha hiyo. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1856, na hii ndiyo picha ya kwanza ya rangi kuingia humo ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe. Miaka 166, hebu fikiria!

Jumamosi moja nikaweka kioo mezani, nikachukua penseli. Mara ya kwanza mkono ulichora mdomo uliofumbwa, wenyewe tu. Nikachana. Mara ya pili nilipofika kwenye pengo, nikakumbuka mambo ambayo sikuyafikiria kwa miaka: kiganja cha Koko kimenishika kidevu, mbuga imejaa nyumbu baada ya mvua, na mimi nalia huku naogopa kuonekana nalia. Nikachora nyuso mbili, ya mtoto mwenye kipara na ya huyu wa ofisini. Mdomo nikawapa mmoja.

Mume wangu aliitazama kwa muda. "Mbona hukuwahi kunisimulia siku hiyo?" Nikamsimulia hadi chai ikapoa. Siku iliyofuata naye akaomba penseli. Mpaka leo amemaliza masikio tu, na hataki niulize kwa nini mdomo unamshinda.

Je, wewe na mwenzako mmewahi kujaribu?

Desemba tuliipeleka Piyaya. Koko aliitazama, akasema pua nimeikosea. Kuhusu mdomo hakuuliza kitu.