Anaporudi Mtaani

Familia nyingi za Dar es Salaam zinaifahamu barabara ya Bagamoyo kwa sababu moja. Kijana amevuta unga, yaani heroini, kwa miaka, vyombo vya ndani vimeuzwa kimoja kimoja, ndugu wamechoka. Mwishowe mjomba mwenye gari anajitolea. Wanampakia alfajiri, wanapita Tegeta, Bunju na Mapinga, na baada ya kilomita kama 70 wanamkabidhi soba. Ndivyo watu wanavyoziita nyumba za upataji nafuu.

Siku za mwanzo pale ni za arosto, mateso ya mwili uliokosa unga: mifupa inauma, tumbo linaendesha, pua na macho vinatiririka, usingizi hauji. Zikipita, ratiba inashika hatamu. Kuamka kwa saa, usafi, kikao cha asubuhi, mafunzo ya Hatua Kumi na Mbili za kuacha uraibu, chakula, kulala. Mama akienda kumtembelea anamkuta amenawiri, anacheka, anauliza habari za wadogo zake. "Mwanangu amepona," anasema, na machozi yanamtoka.

Kisha kijana anarudi nyumbani, na haupiti muda mrefu anaonekana tena maskani, kijiweni kwa wavutaji wenzake. Mtaa mzima unatoa hukumu: hakuwa na nia.

Hukumu hiyo inaumiza watu, na mara nyingi si ya kweli. Sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha tunakutana na vijana wenye nia ya kutosha, na bado wanaanguka. Kinachowaangusha ni mahali waliporudishwa.

Tabia iliyorudiwa mara nyingi haingoji mtu aamue. Ubongo huifunga pamoja na vitu vilivyokuwapo kila ilipofanyika: kona ile, saa ile, rafiki yule, hata mlio wa kiberiti. Vitu hivyo vikijitokeza, tabia inaamka yenyewe. Mwaka 2011 wanasaikolojia David Neal na Wendy Wood na wenzao walichapisha jaribio la bisi huko Marekani. Waliwagawia watu bisi ndani ya sinema, wengine freshi, wengine zilizokaa wiki nzima. Waliozoea kula bisi sinema walizila zile zilizochacha kwa kiasi kilekile cha freshi, huku wakikiri kwamba ni mbaya. Wenye mazoea kama hayo waliowekwa kwenye chumba cha mikutano walizila zilizochacha kidogo kuliko freshi. Kilichowalisha wale wa kwanza kilikuwa mazingira ya sinema yenyewe.

Kwa unga jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mwili wenyewe unashiriki. Daktari Abraham Wikler, aliyetibu waraibu katika hospitali ya Lexington, Kentucky, alieleza tangu miaka ya 1940 jinsi watu waliokaa miezi bila dawa walivyoshikwa na dalili za arosto wakirudi tu mtaa wao wa zamani. Hata hapa kwetu ni hivyo. Kijana anashuka kwenye daladala, anapita uchochoro aliokuwa akinunulia kete za unga, anaanza kupiga miayo, pua inachuruzika, tumbo linamkata. Hajagusa kitu. Anadhani ugonjwa haujaisha na kwamba miezi yote ile ilikuwa bure. Laiti angeambiwa mapema kwamba hali hiyo ni kumbukumbu ya mwili, kwamba hupanda na kushuka, na kwamba akiondoka pale inapungua, asingekata tamaa kwa haraka vile.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka vitani. Mtafiti Lee Robins alifuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alisema aliwahi kuwa mraibu akiwa kule. Wengi waliogopa miji ya Marekani itajaa waraibu. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya kila 100 waliokuwa waraibu Vietnam, ni kama 5 tu waliorudia uraibu. Zipo sababu kadhaa, na mojawapo ni kwamba dawa na mazingira yake vilibaki upande wa pili wa bahari. Kijana wetu safari yake ni kinyume. Anaacha unga Bagamoyo, kisha anarudishwa kulekule alikoanzia.

Pwani hii tunao mfano wa kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani mvuta sigara anakaa kutwa bila kuwasha hata moja, kwa kuwa amefunga, na saa za kula, za kulala na za kukaa barazani zimehama zote kwa pamoja. Idi ikipita, kahawa ya jioni inarudi mahali pake, na sigara inarudi nayo. Wanaofanikiwa kuiacha ni wale ambao kuna kitu hawakukirudisha: baraza lile, au saa ile ambayo sasa wanaipeleka darasani msikitini.

Tabia ya zamani haifutiki. Inafunikwa na mpya, na hiyo mpya inahitaji muda. Utafiti wa Phillippa Lally wa chuo kikuu cha UCL, London, uliohusisha watu 96, ulikuta tabia mpya ya kawaida, kama kula tunda mchana, huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka. Kwa wengine zilikuwa 18, kwa wengine zilikadiriwa kufika 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ugumu ni kwamba mazoea mema ya soba yalijengwa kwa kengele ya soba. Nyumbani hakuna kengele.

Ndiyo maana nasikitika kuona familia ikichangishana fedha zote kwa ajili ya miezi ya Bagamoyo, na isiwe na mpango wowote wa wiki ya kwanza nyumbani. Mama anamrudishia chumba kilekile. Kaka anamtafutia kazi ya bodaboda kwenye kijiwe kilekile. Shangazi anamwita teja kwa utani, na jina hilo pia linamrudisha alikotoka. Kikao cha familia kifanyike kabla hajatoka, naye awepo. Je, shangazi wa Kibaha au babu wa Kerege anaweza kumpokea kwanza? Laini ya simu ibadilishwe? Mshahara upitie kwa nani miezi ya mwanzo? Saa ile aliyokuwa akienda maskani, atakuwa wapi na nani? Maswali haya yajibiwe kwa majina na saa.

Yupo pia ambaye soba pekee haimtoshi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, mwaka 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke. Dawa hunywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, na huzuia arosto kwa takribani siku nzima. Wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga wanakosea: mtu asiyeamka na arosto anaweza kwenda kazini, na safari ya kila asubuhi kliniki nayo inakuwa zoea jipya.

Jambo moja kila ndugu alijue. Aliyekaa miezi bila unga, mwili wake umepoteza uwezo wa kuuhimili. Akirudia kiasi cha zamani, kinaweza kumuua usiku huohuo. Mkimkuta amelegea, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa shida, mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Mwambieni daktari ukweli, hata kama majirani wanasikia.