Kelele na Haki ya Njia

Wahenga walisema: kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Je, na za mlango wa jirani?

Katika mji uliokua upesi kama Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, duka lina kipaza sauti, matatu ina honi na muziki, mhubiri naye ana chombo chake. Kila mmoja atafuta riziki au thawabu. Alipaye ni mgonjwa na mtoto mchanga.

Sheria ipo. Kanuni za mwaka 2009 ziliweka desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa maeneo ya biashara, na Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti kazi ya kuzuia kelele.

Kwa Mwislamu hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru masahaba waliokaa njiani waipe njia haki yake, na mojawapo ni kuzuia udhia.

Lakini sheria ni msumeno. Isimnyang'anye mchuuzi kipaza sauti, ikaiacha klabu irindime hadi alfajiri. Hata msikitini, adhana ni wito wa dakika chache. Darsa na iwatoshe walio ndani.