Adabu za Mgeni Kibaha na Kisarawe

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro akashuka Maili Moja, Kibaha, au apandaye vilima vya Pugu akaingia Kisarawe, aghalabu hudhani kwamba, maadamu Kiswahili anakijua, hana la kujifunza. Walakini katika nchi hii ya Wazaramo na jirani zao Wakwere, ulimi usio na adabu haumfikishi mtu mbali.

Maamkizi hutangulia haja. Mwenye kutaka kuuliza njia ya Maneromango, ama bei ya fungu la mihogo, hamvamii mzee aliyeketi barazani kwa swali lake, bali humpa shikamoo, akangoja marahaba, wakaulizana hali za nyumbani na za safari, ndipo aseme lililomleta. Na aliye mdogo kwa umri ndiye aanzaye, hata akiwa mtu wa cheo. Mlangoni hupigwa hodi, na ikipigwa mara tatu pasi na jawabu, muungwana hurejea zake. Ukiwapita watu wanakula watakwambia karibu, nawe kama huna nafasi waitikie starehe, wala usipite kimya. Ukikaa nao, vua viatu kabla ya kukanyaga jamvi, unawe, ule kwa mkono wa kulia. Ibn Battuta wa Tangier, Mmoroko aliyefika pwani yetu mwaka 1331, aliona Mombasa kila aingiaye msikitini akiosha miguu na kuifuta mkekani mlangoni; staha ya namna hii kwetu ni ya tangu na tangu.

Linalowatatiza wageni kuliko yote ni utani. Zamani misafara ya Wanyamwezi, iliyobeba pembe kutoka bara, ilipita Uzaramo ikiteremka pwani, na katika kukutana huko, mara kwa heri mara kwa shari, ukafungika baina yao utani ambao hata leo haujafa. Msibani mtani huweza kuigiza mwendo wa marehemu, ama kuzuia maziko mpaka apewe chochote, na wafiwa, badala ya kughadhibika, hucheka katikati ya machozi. Nami sijaona faraja iipitayo hiyo. Asiye mtani na atazame tu, atoe pole na rambirambi yake kwa unyenyekevu, wala asithubutu kuiga, kwani maneno yaleyale kinywani mwake huwa matusi.

Kwa hiyo usichukizwe ukiulizwa mapema, “Wewe kabila gani?” Hasa Kibaha, ambako shule na hospitali za mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya ziliwakusanya watu wa kila upande, aulizaye mara nyingi hakutafutii aibu, bali anataka kujua kama ana ruhusa ya kukutania. Ukijibu kwamba wewe ni Mnyamwezi, jiandae kusimangwa na kudaiwa fedha hapo hapo, nawe mdai zaidi.