Misalaba Mitatu ya Shaba

Mzee aliyezaliwa Lubumbashi zamani za Wabelgiji, mji ulipoitwa bado Elisabethville, ameona bendera sita zisizofanana zikipandishwa mbele ya ofisi za serikali, tena moja yao ikashushwa na kurudi mara ya pili. Kwanza ile ya Ubelgiji, nyeusi, manjano na nyekundu. Tarehe 30 Juni 1960 ikaja ya Kongo huru, ya buluu, yenye nyota kubwa katikati na nyota sita ndogo upande wa mlingoti, nyota moja kwa kila jimbo. Siku kumi na moja tu zikapita, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, nayo Katanga ikajifanyia bendera yake. Ndipo zikafuata ile ya 1963, ya Zaire mwaka 1971, ile ya nyota sita tena mwaka 1997, na hii ya leo tangu 2006.

Kati ya hizo zote twapenda kusimulia habari za ile ya Katanga. Ndiyo iliyoishi muda mfupi kuliko nyingine, na ndiyo inayoleta ugomvi hata sasa.

Upande wake wa juu ni mwekundu, wa chini mweupe, na utepe wa kijani umepita mshazari katikati. Katika weupe ule mna misalaba mitatu midogo yenye rangi ya shaba. Msomaji asidhani ya kuwa ni msalaba wa Bwana wetu. Huu una mikono minne inayokaribia kulingana, kama herufi X, nao ulikuwako karne nyingi kabla mmisionari wa kwanza hajafika. Wakati wa kiangazi mafundi walichimba mawe ya kijani yenye shaba, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makaa na kuvuta mivukuto mpaka shaba ikayeyuka, kisha wakaimwaga katika kalibu. Wataalamu waliofukua makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta misalaba hiyo imezikwa pamoja na wafu. Baadaye ilikuwa fedha, ikapita mikononi mwa watu wa makabila mengi, nao pengine hawakuelewana lugha ila kwa hesabu ya misalaba.

Basi Tshombe na wenzake walichagua kwa akili, lazima tukubali. Walitafuta alama isiyotoka Ulaya, wakaipata ardhini kwao. Hata sarafu za Katanga za mwaka 1961, za faranga moja na za faranga tano, zilikuwa na ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili.

Lakini alama haisomwi na macho peke yake. Kwa watu wengi wa kusini, hasa wafuasi wa chama cha Conakat, misalaba ile ilisema kwamba mali ya Katanga itakaa Katanga, isipelekwe yote Léopoldville ikaliwe na wengine. Neno hilo halikuwa la upuuzi, maana shaba ilikuwa nguzo kubwa ya hazina ya nchi nzima. Kwa Baluba wa kaskazini, wafuasi wa Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, kitambaa kile kile kilikuwa nguo ya askari waliokuja kuchoma vijiji. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi moja pale pale Elisabethville, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Na Mkongo wa jimbo jingine, akiiona bendera hiyo, hukumbuka kwanza tarehe 17 Januari 1961, siku Patrice Lumumba alipouawa katika nchi ya Katanga. Mwingine atauliza: mali ilikaa kwa nani hasa, ikiwa kodi iliyolisha serikali ya Tshombe ilitoka kwa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji?

Hakuna mmoja wao asemaye uongo. Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndiyo sababu hotuba haziliondoi.

Kujitenga kulikoma Januari 1963. Mwaka ule ule Kongo ilifuta zile nyota sita, maana majimbo yalikuwa yamekatwakatwa, ikatia mstari mwekundu kutoka pembe hata pembe. Watoto hufundishwa kwamba mstari huo, uliorudishwa mwaka 2006, ni damu ya mashujaa. Je, mashujaa wa upande gani? Mtoto mwerevu huuliza, wala si kwa utovu wa adabu.

Mobutu alidhani dawa ni kufuta kila kitu. Bendera yake ya kijani ilikuwa na mkono ulioshika mwenge, alama ya chama chake cha MPR, hata mtu asijue tena taifa limeishia wapi na chama kimeanzia wapi. Katanga nayo ikapewa jina Shaba. Jina la madini likasalia, jina la nchi likafutwa! Hata wimbo wa taifa ulibadilishwa. Na jambo la kushangaza ni kwamba maneno ya wimbo wa 1960 na ya ule wa Zaire yalitungwa na Mjesuiti mmoja, Padre Boka.

Jina Katanga lilirudi mwaka 1997, na ugomvi haukuwa umekufa. Tarehe 23 Machi 2013 watu wenye silaha wa kundi liitwalo Bakata Katanga, jina litokalo kwa neno kukata, waliingia Lubumbashi na bendera ya misalaba mitatu. Wengi wao walikuwa watu maskini wa vijijini. Watu kwa makumi walikufa siku ile. Miaka miwili baadaye, mwaka 2015, jimbo lenyewe liligawanywa kuwa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Bendera ile sasa haina hata jimbo moja la kulifunika.

Misalaba yenyewe bado ipo, katika makumbusho na katika nyumba za watu. Tena huenda mtoto akiokota faranga ya 1961 ndani ya sanduku la babu atauliza ni kitu gani. Jibu atakalopewa litategemea babu alikuwa wapi mwaka ule, Kolwezi kazini, au kambini chini ya hema.