Injini ya Mtumba: Ni ya Turbo Kweli, au Imefungiwa Turbo?

Katika robo iliyopita ofisi yetu ya miradi ilipokea barua kutoka kamati ya usharika mmoja, ikiomba fedha za kutengeneza injini ya Hilux ya huduma. Injini hiyo waliinunua kwa mtu, ikiwa mtumba, miezi minne tu kabla ya hapo, wakaelezwa kuwa ni 2L-T, yaani yenye turbo ya kiwandani. Tulikwenda kuiona ikiwa imefunguliwa katika gereji moja ya Chang'ombe, hapa jijini Dodoma. Silinda hedi ilikuwa imepasuka na pistoni mbili zimeungua. Ilikuwa 2L ya kawaida ambayo mtu aliifungia turbo baadaye. Kwa kuwa fedha zile zilitokana na harambee na mchango wa wafadhili, tumeona vema kueleza namna ya kuitambua injini kabla ya kulipa.

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hapa kwetu Dodoma, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo dereva anayepanda milima na mzigo huiona faida yake mara moja. Lakini hewa nyingi na dizeli nyingi huleta joto kali. Ndiyo maana kiwanda hakiongezi turbo peke yake. Hubadilisha pia pistoni, hupunguza mgandamizo na kuongeza njia za kupooza. Anayefunga turbo juu ya injini ya kawaida na kufungulia pampu ya dizeli huleta joto lile bila kinga yake.

Wengi wetu hudanganywa na namba. Toyota hupiga kwenye bloki jina la msingi la injini tu, bila herufi za mwisho. Kwa hiyo 2L na 2L-T zote husomeka 2L, zikifuatiwa na namba za mfululizo. Zote mbili zina ujazo wa sentimita za ujazo 2,446. Kamati yetu ilisoma namba, ikailinganisha na risiti, ikaridhika. Hawakukosea kusoma, ila namba ile haikuwa na jibu la swali lao. Namba zilizotokeza kwenye chuma wakati wa kusubu nazo zisitegemewe, maana huweza kuwa moja kwa aina zaidi ya moja.

Ushahidi mzuri zaidi ni kibati cha gari injini ilikotolewa, kile cha chini ya boneti. Humo jina huandikwa kamili, pamoja na T. Muuzaji akiwa bado na gari hilo, ombeni kukiona. Kama hana, angalieni mafuta. Turbo inahitaji bomba la kuleta oili na jingine nene la kuirudisha chini. Katika injini ya kiwandani mabomba hayo huwa ya chuma, yamekunjwa vizuri na kufungwa mahali palipoandaliwa. Mkiona oili imechepushwa kwenye swichi ya presha kwa mpira, au sampu imetobolewa na kuchomelewa kiunganishi, ulizeni maswali. (Ile ya Chang'ombe ilikuwa na vyote viwili, na rangi mpya juu yake.)

Fundi akiwa tayari kufungua sampu, amulike kwa tochi chini ya kila silinda. Injini nyingi za turbo zina vijibomba vidogo vinavyorusha oili chini ya pistoni ili kuipooza. Zipo injini zisizo na turbo zenye vijibomba hivyo, kwa hiyo kuviona si uthibitisho peke yake. Viunganishwe na dalili nyingine.

Kwa Land Cruiser kazi ni nyepesi. 1HZ haikutoka kiwandani na turbo, na 1HD-T inayo. Namba kwenye bloki huzitofautisha, ingawa zote ni silinda sita na ujazo wa 4,164. Vivyo hivyo Perkins za jenereta na mashine: herufi za kwanza LD ni 4.236 ya kawaida, LJ ni T4.236 ya turbo.

Kuanzia robo hii, maombi ya fedha za injini ya mtumba yaambatane na picha ya namba, ya kibati na ya mabomba ya oili, pamoja na maandishi ya muuzaji yanayotaja aina kamili. Injini ikibadilishwa, kumbukumbu za kadi ya gari zirekebishwe TRA.

Wenzetu wa usharika ule wamekubaliana na fundi kufunga hedi nyingine na kuiondoa turbo. Gari litapanda milima polepole. Muuzaji amerudisha sehemu ndogo ya fedha, na mazungumzo juu ya iliyobaki yanaendelea.