Askari na baridi ya mgongoni: mfarishi wa machela

Mtu akizungumzia baridi mjini Juba huenda akachekwa. Mji huu ulio kando ya Mto Nile, mita 550 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata joto la mchana linalopita digrii 35 katika miezi ya Februari na Machi. Lakini askari hachagui mahali pa kulala. Leo yuko Juba. Kesho amri yaweza kumfikisha Torit, na kutoka huko akapanda Milima ya Imatong, ambako kilele cha Kinyeti kina urefu wa mita 3,187.

Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Basi usiku ambao Juba ina digrii 22, kilele cha Kinyeti chaweza kuwa na digrii 6 tu. Askari aliyetetemeka usiku kucha huamka na macho mazito na vidole visivyotii. Mtu wa namna hiyo hafai kukabidhiwa lindo, wala si salama kwa wenzake.

Katika msitu wenye ardhi ya majimaji na siafu, wengi hupenda kulala katika machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachofungwa baina ya miti miwili. Machela humwepusha mtu na unyevu na wadudu watambaao, lakini ina hila yake: baridi hutokea chini. Kinachotia joto katika blanketi ni hewa iliyonaswa ndani yake. Ukililalia, uzito wa mwili huikamua hewa hiyo yote, na upepo upitao chini ya machela huchukua joto la mgongo. Ndiyo maana mtu aweza kujifunika mablanketi mawili kifuani, na bado mgongo ukaganda.

Dawa yake ni mfarishi unaoning'inizwa chini ya machela, kwa nje. Kwa kuwa hakuna anayeulalia, haushindiliwi. Tena una faida ya pili kwa walio mabondeni: mbu hutoboa kwa urahisi kitambaa cha machela kilichokazwa na mwili, lakini hawezi kuupenya unene wa mfarishi. Chandarua cha juu, hata hivyo, kisiachwe.

Kitu cha kujazia kilicho bora kwa wepesi ni manyoya laini ya kifuani mwa bata. Mwaka 1922 George Finch, mwanasayansi mzaliwa wa Australia, alikwenda Mlima Everest na koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya namna hiyo. Wenzake walimcheka, kisha baridi ilipozidi wakalitamani. Alifika zaidi ya mita 8,300.

Kwetu manyoya hayo hayahitaji kuagizwa ng'ambo. Makoti ya baridi yaliyojazwa manyoya hupatikana katika mitumba, na machache yaliyochakaa yaweza kutosha. Kwanza soma kibandiko cha ndani ya koti, kwani mengine yamejazwa pamba ya plastiki. Yafumue ndani ya chandarua, mahali pasipo upepo, la sivyo manyoya yatatawanyika kambi nzima.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta nailoni nyepesi iliyofumwa kwa kubana. Ibane mdomoni upulize: pumzi ikipita kwa urahisi, manyoya nayo yatapita. Kwa mfarishi wa sentimita 180 kwa 120, kata kitambaa cha ndani sentimita 190 kwa 124, na cha nje 190 kwa 132. Cha nje huzidi upana kwa sababu mfarishi hujikunja kama mtumbwi. Vikilingana, cha nje kitakaza na kuyaminya manyoya.

Kisha kata kuta 7 za kitambaa cha chandarua, kila moja urefu wa sentimita 180 na upana wa 7. Kwa chaki, piga mistari ya kwenda urefu: kila sentimita 15 katika kitambaa cha ndani, na kila 16 katika cha nje. Shona kuta kwenye mistari ya ndani, halafu kwenye ya nje, ukitumia sindano nyembamba ili matundu yawe madogo. Utapata vyumba 8 vyenye kina cha sentimita 5. Bila kuta hizo manyoya yote yatakimbilia upande mmoja. Funga pande zote isipokuwa ncha moja.

Manyoya yapimwe kwa mizani, si kwa kukisia. Gramu 1 ya manyoya ya wastani hujaza takriban sentimita 347 za ujazo. Mfarishi huu ni sentimita 108,000 za ujazo, kwa hiyo wahitaji gramu 311. Ongeza sehemu ya kumi, na kila chumba kipate gramu 43. Funga ncha iliyobaki, kunja pindo pande zote nne, upitishe kamba ya lastiki na kuifunga kwenye ncha za machela. Mfarishi uguse mgongo bila kuubana. Pakiwa na nafasi, upepo utaingia. Ukikazwa mno, manyoya yatalala.

Manyoya yana adui mmoja mkubwa, nayo ni maji. Yakilowa hujikunyata na kupoteza joto lote. Kwa hiyo katika masika turubai la juu ni lazima, na asiye na uhakika wa ukavu heri ajaze pamba ya plastiki, ijapokuwa ni nzito zaidi. Sufi pia yafaa, kwani haipendi kunywa maji. Zamani ilijaziwa maboya ya kujiokolea. Hata hivyo hushikamana baada ya muda na hushika moto upesi, basi iwe mbali na jiko.

Wako watakaosema kushona ni kazi ya fundi wa sokoni. La hasha. Askari ashonaye kifungo chake aweza kushona mstari ulionyooka, na mfarishi huu ni mistari iliyonyooka tu. Ajaribiwe kwanza kambini, usiku mmoja, kabla ya safari: kasoro ikionekana hapo, sindano na uzi viko karibu.