Gari, Vumbi na Mlima wa Kadibodi

Ukitaka gari la waya litoke pichani kama lori la kweli, anza kwa kuchuja vumbi. Wateja wangu hudhani siri iko ndani ya kamera, kumbe iko kwenye kichujio cha chai. Kokoto unayoikanyaga bila hata kuihisi ni jabali mbele ya gurudumu lililokatwa kwenye slipa kuukuu, na mtazamaji akiiona hujua papo hapo kwamba hicho ni kitu cha kuchezea. Murram ikichujwa, kipimo hicho kinampotea, naye anaanza kuamini.

Nina kibanda cha picha hapa Huruma, Eldoret. Riziki yangu ni picha za pasipoti na za watoto waliomaliza chekechea, wamevalishwa majoho ya kukodi yanayowafika chini ya vidole vya miguu. Lakini Jumamosi huja vijana na magari yao ya waya, na siku nyingine akina mama wanaouza vichezeo vya mitumba, wakitaka picha za kuweka kwenye simu ili wateja wa Kapsoya na Langas waone. Kazi hiyo naipenda kuliko zote, na ndiyo inayolipa kidogo kuliko zote.

Shule yangu ilikuwa ukuta. Senje, dada ya baba, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Elgon View mwanzoni mwa miaka ya 1990, siku ambazo madaktari kutoka Indiana walikuwa wameanza kuja kufanya kazi na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi. Familia aliyoitumikia ilipofungasha kurudi kwao, alipewa masufuria, mapazia, na kitabu kinene cha Krismasi cha duka la Marekani: katalogi, yaani picha na bei za kila kitu unachoweza kuagiza kwa posta. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na kama nyumba nyingi za wakati ule ilivalishwa magazeti kwa ndani ili udongo usimwagike kitandani. Mama alikoroga uji mzito wa unga wa ngano akabandika. Gazeti hushika vizuri. Karatasi ya katalogi ina utelezi, ilikuwa ikijikunja na kuanguka usiku, ikabidi baba aigongelee misumari iliyopitishwa kwenye vifuniko vya soda. Kurasa za nguo za ndani za wanawake zilibandikwa zikitazama udongo, jambo lililotufanya tuzichungulie kila kona ilipobanduka.

Upande wa kitanda chetu ndiko zilikoangukia kurasa za vichezeo. Palikuwa na meli ya kivita ya kubebea ndege, USS Flagg, iliyotolewa na Hasbro mwaka wa 1985, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Kichezeo kirefu kuliko kitanda tulicholalia watatu. Palikuwa na wanajeshi wa plastiki jangwani, vumbi limetimka nyuma ya jeep yao, na mlima wa zambarau kwa mbali. Mchezo wetu ulikuwa kuwahi: unapiga kiganja kwenye picha na kusema, "Hii yangu!" na mwenzako akichelewa amekosa mpaka kesho. Bei za dola hazikutuhusu. Hakuna aliyetarajia kununuliwa chochote, na sikumbuki kuumia kwa hilo. Kitu nilichokuwa nikikipigia kiganja, nikifikiria leo, hakikuwa ile jeep. Nilitaka lile jangwa, na ule mlima.

Na jangwa lenyewe lilikuwa meza. Ilinichukua miaka, na kuishi kwa kamera, kuelewa kazi iliyofanywa pale. Picha ya kitu kidogo ina adhabu yake: kadiri unavyokisogelea, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyozidi kuwa nyembamba. Pua ya gari inasomeka, mkia wake umefifia. Lori la kweli likiwa ng'ambo ya barabara huonekana lote wazi, mbele na nyuma, kwa hiyo ukungu ule ndio unaotoboa siri. Wapiga picha wa katalogi walitumia kamera kubwa zenye filamu ya inchi nne kwa tano, au hata nane kwa kumi, ambazo lenzi zake huweza kuinamishwa ili uwazi ulale sambamba na ardhi. Kisha waliziba tundu la lenzi likabaki dogo mno. Tundu dogo hunyima filamu mwanga, basi wakazidisha taa na kuiacha filamu wazi kwa muda mrefu. Bahati nzuri mwanajeshi wa plastiki hapepesi macho.

Kamera nayo iliwekwa chini, usawa wa macho ya huyo mwanajeshi. Hili ndilo ninalowarudia vijana mpaka wanachoka: ukisimama wima na kupiga gari likiwa miguuni pako, umepiga picha ya wewe mtu mzima ukitazama mchezo wa watoto. Lala kifudifudi. Nyuma waliweka mbingu iliyopakwa rangi, mbele yake milima iliyokatwa kwa kadibodi au povu, ya mbali ikiwa ndogo na iliyopauka zaidi. Ndege ilining'inizwa kwa uzi mwembamba, na uzi ukafutwa baadaye kwa brashi. Maji ndiyo yaliyowashinda mafundi wengi, kwa kuwa tone la maji halikubali kupunguzwa ukubwa. Kila utakapoona bahari ya katalogi, ichunguze vizuri. Mara nyingi ni plastiki au kioo.

Zaidi ya hayo, mara nyingi kitu kilichopigwa picha hakikuwa kile kitakachouzwa. Kitabu cha Krismasi huandaliwa miezi mingi mapema, wakati kiwanda bado hakijamimina plastiki, hivyo kampuni ilipeleka sampuli iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mkono. Wakusanyaji wa leo hukagua kurasa hizo kwa kioo cha kukuzia, wakitafuta kola au bunduki ambayo haikuwahi kufika dukani. Mwaka wa 1977 kampuni ya Kenner, ya Cincinnati, ilizidiwa kabisa. Filamu ya Star Wars ilikuwa imewatia watoto wazimu, Krismasi inakaribia, na sanamu ndogo za filamu hiyo hazijawa tayari. Kenner ikauza bahasha. Ndani mlikuwa na kadibodi yenye picha za wahusika na hati ya kutuma kwa posta, ili sanamu nne zikufikie mwaka unaofuata. Nilipoijua habari hiyo nilicheka peke yangu kibandani. Watoto wa Marekani, wenye pesa na wenye Krismasi, waliamka asubuhi wakapewa tulichokuwa nacho sisi ukutani: picha.

Duka la Sears la Chicago lilitoa kitabu chake cha kwanza cha Krismasi mwaka wa 1933, na humo, pamoja na treni na wanasesere, waliuzwa ndege hai wa kuimba. Kuanzia 1968 kitabu kiliitwa rasmi Wish Book. Uingereza walikuwa na Argos, iliyoanza 1973 na kuchapa zaidi ya nakala bilioni moja za katalogi yake kabla ya kuacha mwaka wa 2020. Waliokua na vitabu hivyo sasa huvinunua vikiwa vimechakaa, kwa pesa ambayo wangeweza kununulia vichezeo vyenyewe. Jirani yangu muuza vipuri anaona huo ni upuuzi. Mimi naona wanajua wanachokitafuta. Ukikipata kile kichezeo, unashika plastiki nyepesi kuliko ulivyokumbuka, na hakikuja na jangwa lake.

Na sisi tumewahi kuwa hilo jangwa. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na miaka nenda miaka rudi ilikuwa ndiyo Pasaka yenyewe kwa watoto wa Bonde la Ufa: kusimama kando ya barabara na kuoga vumbi kwa hiari. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Mettoy, yenye kiwanda huko Swansea, Wales, ilitengeneza chini ya jina la Corgi gari dogo la chuma, Volkswagen 1200 ya East African Safari. Ndani ya boksi iliwekwa zawadi ya ziada: kifaru. Mimi mzaliwa wa Uasin Gishu sijawahi kupishana na kifaru barabarani, lakini sitaki kuwaharibia. Kuna mtoto Swansea ambaye alilitazama gari lile akatamani vumbi letu. Tulikuwa tumekaa juu yake tukitamani la kwao, ambalo huenda lilikuwa unga.

Ufundi huo wa kumjengea mtu mahali pa kuwa si mgeni kwetu. Zanzibar ilikuwa na Capital Art Studio tangu 1930, ya Ranchhod Oza. Lamu, Omar Said Bakor aliwakata watu kwenye picha akawapandikiza katika mandhari ambayo hawakuwahi kuyakanyaga. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni waliwasimamisha wasafiri mbele ya meli na maghorofa ya rangi, katikati ya maua ya plastiki. Hapa Eldoret, studio za mjini zilikuwa na sanduku la vitu vya kushikishwa watoto. Picha yangu ya utotoni ninayo: nimenyolewa kipara, nimeshika simu nyekundu ya plastiki sikioni, uso mzito kama karani wa benki. Simu ile ilikuwa yangu kwa muda wa mwako mmoja wa flashi. Kisha ikatolewa mkononi, akapewa mtoto aliyekuwa akilia kwenye foleni.

Picha za kuuzia vitu siku hizi zina weupe mtupu nyuma. Gari liko hewani, halina barabara wala kivuli cha maana. Nyingine si picha kabisa. IKEA, wauza samani, walieleza mwaka wa 2014 kwamba takriban robo tatu ya picha za bidhaa zao zilitengenezwa kwa kompyuta, na vichezeo vingi vimefuata njia hiyo hiyo. Naelewa sababu: weupe ni rahisi, na hakuna mteja atakayesema alidanganywa na mlima. Ila mtoto akiitazama picha hiyo anaona bidhaa na bei, basi. Hana pa kuingilia.

Kwa hiyo vijana wakileta magari yao nawajengea barabara. Waya wa uzio, bodi ya kopo la Kimbo, taa za vifuniko vya soda, na usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama, ambao huchomolewa kabla ya picha. Tunatandaza murram iliyochujwa juu ya ubao, tunakata mlima kwenye kadibodi ya televisheni, napiga saa kumi na moja jioni jua likiwa limeinama. Mmoja nikamwonyesha picha kwenye skrini, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwenzake: "Kuja uone, gari yangu inakaa ya ukweli!" Na ni yeye aliyeitengeneza, kila waya anaujua.

Mwezi uliopita lori moja liliuzwa kwa mama mmoja wa Kapsoya. Jioni alinipigia simu.

"Fundi, gari imefika, ni nzuri. Lakini huyu mtoto amekataa kula. Anauliza mlima uko wapi."

Nikamwuliza kama kuna mtu anayejenga karibu na ploti yao.

"Wako hapo nyuma, wamemwaga mchanga jana."

"Basi mpeleke huko, mama. Na mwambie alale chini, asisimame."